Fundi Aliyekalia Mikono Yake

Taarifa ya kifo chake ilinikuta ofisini kwake mwenyewe, pale Kawajense, hapahapa Mpanda, nikiwa nimekalia kiti chake na kutumia kompyuta yake. Nilikuwa nimekwenda kutuma makala ya wiki hii, ambayo ilihusu bei ya mahindi, na ambayo sasa itabidi isubiri. Redio ya upepo, ile ya kuitana kituo na kituo, ilikuwa ikilia kwenye kona, ule mlio wake wa kukoroma na kupiga mluzi inapobeba barua pepe, na baada ya kitambo barua moja ikajitokeza kwenye kioo. Ilitoka kwa sista anayesimamia zahanati ya huko Ugalla. Ilikuwa na mistari miwili tu: fundi amefariki leo asubuhi kwa malaria, gari lenu bado halijafika. Niliisoma, nikamwita karani, naye akaisoma. Halafu karani akatamka maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno tangu siku ile, hadi nimeyachukia. "Jamani, sasa tumekwisha. Nani atatuendeshea hii mitambo?" Na mtambo wenyewe, mbele ya pua yake, ulikuwa umetoka kumletea barua.

Nitangulize kusema kwamba leo nina hasira, na msiba haujaipunguza. Marehemu hakuwa rafiki yangu wa kushinda pamoja. Nilimfahamu kwa sababu ya shida zangu. Wasomaji wa zamani mnakumbuka kwamba makala zangu zilikuwa zikisafiri kwa treni, Mpanda hadi Tabora, Tabora hadi Dar es Salaam, na zilipofika gazetini mambo niliyoyalalamikia yalikuwa yamesharekebishwa au, kama ilivyo kawaida yetu, yameharibika zaidi. Ndipo mtu akaniambia kwamba Kawajense kuna shirika la huduma lenye barua pepe, na kwamba kuna fundi mmoja mkali ambaye ukimvumilia atakusaidia. Shirika hilo lina zahanati na shule vijijini, kuanzia Sitalike hadi Ugalla, na kwenye makazi ya ndugu zetu wenye asili ya Burundi, na vituo vyote hivyo huwasiliana na ofisi kwa redio ya upepo. Fundi aliiunganisha kila redio na kompyuta kuukuu, zile ambazo Wazungu wamezichoka, akazitia Linux, programu mama ya kuziendesha, na juu yake akaweka seva ya barua, yaani programu inayopokea barua, kuzipanga na kuzisukuma kwenda zinakotakiwa. Vitu hivyo vyote ni vya bure, tena bure ya kweli: umeruhusiwa kuvifungua, kuvisoma, kuvibadili na kumgawia jirani.

Lakini bure nayo ina karaha zake. Seva ya namna ile ikikufikia kutoka kwa walioitengeneza huja vipande vipande, mamia ya mafaili, kila faili na mahali pake, pamoja na mipangilio inayotaka kuandikwa kwa mkono. Ukikosea nukta, hakuna barua itakayotoka. Mafundi wengi huona raha hapo, maana ndipo wanapopatia heshima yao. Yeye aliona aibu. Alichokifanya miaka yote niliyomfahamu ni kuvikusanya vipande vile na kuvifungasha katika kifurushi kimoja, kilichoenea kwenye disketi chache, kuanzia Linux yenyewe hadi seva ya barua, ili mtu wa kituoni aingize disketi, ajibu maswali mawili matatu ya Kiswahili, aende kunywa chai, na akirudi akute mashine inafanya kazi. "Kazi yangu," alikuwa akiniambia kila nilipomkatiza, "ni kuhakikisha siitwi."

Maneno hayo hakuyatoa kwenye vitabu vya kompyuta. Baba yake alikuwa mrina asali wa Ugalla, Mkonongo kwa kabila, na asali yake ilisafiri ndani ya kilindo, lile kasha la gome la mti lililoshonwa kwa kamba za magome, kwenda kwa wanunuzi wa Tabora ambao mzee yule hakuwahi kuwaona kwa macho. Fundi alinisimulia kwamba utotoni alichapwa kwa kukifunga kilindo kwa fundo zuri sana, gumu, fundo la kujivunia. Kabla ya kumchapa baba yake alimwuliza, "Huyu wa Tabora utamfuata ukamfungulie?" Fundo la kwao lilikuwa moja tu na lilijulikana na kila mtu: unavuta ncha iliyoachwa nje, kamba inaachia, asali haimwagiki. Kwa watu wale mzigo hufungwa kwa ajili ya mikono ya atakayeufungua, kwa sababu aliyeufunga hatakuwepo. Nilimwona mara nyingi akiikodolea kompyuta macho na kunung'unika kwamba bado fundo ni gumu.

Namna yake ya kukijaribu kifurushi ndiyo iliyomfanya aonekane ana wazimu pale ofisini. Kila alipomaliza kukifungasha upya alitoka barazani na kumkamata mtu yeyote aliyepita, mradi ajue kusoma. Alimkalisha mbele ya kompyuta tupu, akampa disketi, kisha yeye mwenyewe akaketi pembeni kwenye kigoda, akaiingiza mikono chini ya mapaja na kuikalia. Sheria ilikuwa moja: yeye hasemi. Ukiuliza swali hakujibu. Alikutazama tu huku jasho likimtoka. Kila swali ulilouliza lilihesabiwa kuwa kosa lake, si lako. Siku niliyolishuhudia jambo hili kwa mara ya kwanza, aliyekamatwa alikuwa mama mmoja wa Kisukuma muuza maziwa, mmoja wa wale ambao watu wao walihamia huku na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Aliketi, ndoo ya maziwa miguuni, akaingiza disketi iliyoandikwa namba moja. Kioo kikauliza: Je, unataka kuendelea?

"Sasa hii inaniuliza nataka kuendelea," alisema mama, "na mimi hata kuanza sijaanza. Naendelea na nini?"

Fundi kimya.

"We fundi, si nakuuliza? Au umekasirika? Maziwa yangu yataganda hapa."

Kimya. Nilifungua mdomo nimsaidie, na fundi akanikata jicho ambalo sijalisahau mpaka leo. Mama akanigeukia mimi. "Huyu ana nini? Mbona kakalia mikono kama mtoto aliyeiba sukari? Nyie watu wa ofisi mna mambo." Hapo fundi akaangua kicheko, akainuka, akalifuta lile swali lote kwenye kifurushi. Alisema hakuna maana ya kumwuliza mtu kama anataka kuendelea ilhali ameileta disketi kwa mkono wake. "Asante mayu," alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma, "umenifungulia fundo moja." Akayanunua maziwa yote, tukayanywa sote pale barazani, na mama akaenda zake akitikisa kichwa.

Siku nyingine ilikuwa zamu ya dereva wa lori la ofisi. Kioo kilimwuliza jina la mashine, naye, mtu mwenye adabu zake, akaandika jina lake, la baba yake na la kijiji chao. Mashine ikakataa. "Fundi, au inataka na la ukoo?" aliuliza. Fundi aliikalia mikono yake hadi dereva akachoka, akainuka na kuondoka akisema hana muda wa kuhojiwa na sanduku. Nilipopita tena, lile swali la jina lilikuwa limeondolewa. Kifurushi kilijijazia jina chenyewe. Nakumbuka alivyofurahi. Kifurushi sasa kilikuwa hakiulizi kitu chochote, na aliniambia kwamba hata baba yake angekisifu. Likumbukeni jambo hili, maana ndilo lililomponza.

Ngojeni kwanza nitoe linalonikereketa. Katika mji wetu huu mtu huheshimiwa kwa kadiri anavyoweza kuwakwamisha wenzake. Mwenye ufunguo wa stoo akisafiri stoo haifunguliwi, nasi tunasema, ehee, huyo ni mtu muhimu. Fundi wa jenereta anajua waya upi ugusane na upi, hamwonyeshi mtu, na akiugua tunakaa gizani tukimwombea. Akipona tunamshangilia badala ya kumwuliza kwa nini alituweka gizani. Karani anayejua peke yake faili lilipo hupandishwa cheo. Tumewalea watoto wetu waamini kwamba ukimfundisha mwenzako kazi yako umejikatia riziki. Huko Dar watu wanababaika kwamba mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitakwama. Sisi hatuna haja ya kungoja mwaka elfu mbili, tunajikwamisha wenyewe kila Jumatatu. Sasa katikati ya watu wa namna hii anatokea mtu mmoja mwenye kisomo chake, mwenye kozi zake za Dar, mjuvi, mbishi, asiyejua kunyenyekea hata kidogo, ambaye anatamba kwamba kituo fulani hakijamwita tangu mvua za mwaka jana. Watu hawakumwelewa. Walidhani ni mvivu, na wengine walimwambia hivyo usoni.

Vifurushi hivyo visivyouliza kitu vikapelekwa vituoni, vingine kwa lori, vingine kwa baiskeli za walimu. Watu wakaviweka wenyewe, mashine zikawaka, kila mtu akafurahi. Baada ya hapo vituo vikawa kimya, Ugalla ikiwamo. Sista wa zahanati aliandika barua kuomba gesi ya friji ya chanjo, na mashine ikamjibu kwamba barua imefika. Akaandika tena. Imefika. Huku ofisini hakuna aliyeona kitu. Gesi ikaisha, chanjo zikaharibika, na akina mama waliotembea mwendo mrefu na watoto mgongoni wakarudishwa bila sindano. Kosa lilipotafutwa likaonekana ni hili: kwa kuwa kifurushi hakikuuliza jina, kilizipa mashine zote jina la ile mashine kilikofungashiwa, yaani Mpanda. Sista alipoandika barua kwenda Mpanda, mashine yake ilijitazama, ikaona Mpanda ni yeye mwenyewe, ikaitia barua ile kwenye sanduku lake na kutangaza kwamba imefika. Zahanati ilikuwa ikijiandikia yenyewe.

Sitamtetea kwa hilo. Lilikuwa kosa, tena kosa la mtu aliyeipenda sheria yake kupita kiasi, kwa sababu kuna maswali ambayo lazima mtu aulizwe. Watoto walikosa chanjo, na hilo halisameheki kwa kusema kwamba nia ilikuwa njema. Yeye mwenyewe hakujitetea. Alipanda lori hadi Ugalla akasimama mbele ya wale akina mama na kuwaambia kwamba kosa ni lake, na mmoja wao, mwanamke wa Kirundi mwenye mapacha, akamjibu, "Sawa mwanangu, lakini sindano iko wapi?" Swali hilo alirudi nalo Mpanda akilirudia kila mara. Akakaa chini, akalirudisha swali la jina, safari hii akaliandika kama mtu anavyomwuliza mwenzake: Kituo hiki kinaitwaje? Akamwita dereva akajaribu, dereva akajibu bila kuuliza kitu. Akanakili disketi mpya za vituo vyote, tayari kuzituma.

Ndipo kikaitishwa kikao. Kilifanyika madirisha yakiwa wazi, nami nilikuwa barazani nikingoja zamu yangu ya kompyuta, kwa hiyo nayasema niliyoyasikia. Mkuu wa ofisi, mtu mzima, mpole, anayeipenda kazi yake, alisema, "Kuanzia leo mambo ya kupeana disketi basi. Fundi atakwenda mwenyewe kituo kwa kituo, ataweka kwa mkono wake, faili kwa faili. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo."

"Na siku nikiwa sipo, mkuu?" fundi akauliza.

"Utakuwa wapi?"

"Nimekufa."

"Usijitabirie mabaya, fundi."

"Sijitabirii. Nawaambia nyie, kosa lilikuwa la neno moja na nimeshalitoa. Sasa mnataka mimi ndiyo niwe disketi? Nipakiwe kwenye lori, nishushwe Sitalike, nipakiwe tena, nishushwe Ugalla?"

Watu wakacheka. Mkuu hakucheka. Aliagiza disketi zote zitiwe kabatini na kabati lipigwe kufuli, na kikao kikahamia kwenye ajenda ya viti vya wageni.

Akawa disketi kweli. Nilimwona akiondoka na kurudi mvua zote zile, suruali imeganda tope hadi magotini, amekonda, ulimi umezidi ukali. Kazi ambayo mwalimu wa shule angeimaliza huku anakunywa chai, yeye aliifanya kwa siku kadhaa kwa kila kituo, kwa mkono, kwa amri. Nilimwuliza kwa nini asiache kazi. Aliniambia kwamba akiacha, watamleta fundi mwingine atakayefurahia kusafirishwa, na hapo vituo vitabaki vikingoja fundi maisha yao yote. Alitaka jambo moja tu kabla hajaondoka pale: kituo kimoja, hata kimoja, kikiweka seva yake chenyewe bila yeye kugusa, na barua ya kweli ikatoka na kufika. Alisema mkuu hatabishana na barua iliyofika. Nilimwona ana ndoto za mchana na nikamwambia hivyo.

Mwezi huu radi ikaipiga mashine ya Ugalla. Fundi akatumwa tena, na diski mpya ya ndani mfukoni. Yaliyotokea huko nimeyapata kwa sista mwenyewe, aliyekuja na gari lililoleta mwili. Tuliketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba ya msiba, karibu na masufuria, mchana, huku wanawake wakichambua mchele.

"Alifika amelowa, anatetemeka," sista alisema. "Akaifungua ile mashine, akatoa diski iliyoungua, akaweka mpya, akafunika. Halafu akasema, sista, ngoja nijilaze kidogo. Homa ikampanda hapohapo. Nikamtundikia dripu, haikushuka. Nikaona huyu lazima afike hospitali ya wilaya. Sasa gari nitaliitaje?"

Nikamwuliza kwa nini hakupiga kelele kwenye redio. Alinitazama kwa huruma. Tangu barua pepe ianze, ofisi ilimwondoa mtu aliyekuwa akikaa kusikiliza redio, ikaona ni gharama ya bure. Ungeweza kupiga kelele Ugalla mpaka sauti ikukauke.

"Nikafungua begi lake," aliendelea, "nikakuta disketi zimefungwa kwa kitambaa, zimeandikwa namba kwa mwandiko wake. Nikajua ndizo zile zilizokatazwa, amejinakilia zake kwa siri. Nikaketi kwenye mashine, wagonjwa wamejaa nje wananisubiri. Nikaingiza ya kwanza. Ikaniuliza kituo hiki kinaitwaje. Nikaandika Ugalla. Ikaniambia toa hiyo, weka ya pili. Kwenye ya pili ikasimama. Taa inawaka tu, haisemi kitu. Nikaogopa nimeharibu. Yeye kitanda chake kiko palepale, mlango uko wazi, macho amefungua, ananiangalia. Nikamwambia, fundi, imekwama, nibonyeze wapi? Akanyamaza. Nikamwuliza tena. Kimya. Nikamtazama vizuri, ule mkono usiokuwa na dripu ameuingiza chini ya paja."

Sista akaivuta khanga mabegani. "Sijui kama ilikuwa homa, kaka. Wewe ulimjua, labda unajua. Mimi kwa kweli nilimkasirikia. Halafu mashine ikaendelea yenyewe. Ilipomaliza ikaandika tayari, nikaandika barua ya kuomba gari, ikatoka. Nikamwambia, imetoka. Akacheka kidogo, akafumba macho."

Barua ile ilitoka kweli na ilifika kweli, siku ileile, kwa jina la Ugalla. Gari likatumwa, likakwama mbugani kwenye maji, na lilipofika alikuwa ameshafariki. Sisemi kwamba safari ndiyo iliyomwua. Malaria ipo hata Kawajense, tena ipo tele. Nasema tu kwamba hakuwa na sababu yoyote ya kuwa kule. Disketi zilitosha kwenda zenyewe, na zingeweza kupelekwa pamoja na ile diski na dereva, ambaye anajua kubadilisha gurudumu na betri na angeonyeshwa namna ya kubadilisha diski kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Nikilifikiria hilo siwezi kula.

Sasa njooni makaburini mkasikie hotuba. Mkuu alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, sitamnyima hilo. Akasema tumepata pengo lisilozibika. Akasema bila yeye hakuna kitakachokwenda. Aliyefuata akasema hayohayo, na wa tatu akaongeza kwamba marehemu alikuwa nguzo, na nguzo ikianguka nyumba nayo huanguka. Watu wakaitikia kwa kuguna. Kisha zikasomwa rambirambi, moja baada ya nyingine: ya Sitalike, ya Ugalla, za kwenye makazi, za shule. Mkuu alizisoma kutoka kwenye karatasi zilizochapwa ofisini asubuhi ile. Zote zilikuwa zimekuja kwa barua pepe, kwa seva za marehemu, marehemu akiwa ndani ya jeneza. Nilitazama kulia na kushoto nione kama kuna mwingine anayeliona ninaloliona. Sista peke yake ndiye aliyeinua macho. Ndugu zangu, mtu ametumia maisha yake yote akihakikisha haachi pengo, halafu tunasimama juu ya kaburi lake tukimsifu kwa pengo. Huko ni kumtukana marehemu, na tulimtukana kwa heshima zote, tukiwa tumevaa suti.

Baada ya matanga nilimwendea mkuu, nikamsimulia ya Ugalla, nikamwomba lile kabati lifunguliwe, disketi zinakiliwe, kila kituo kipate zake. Alinisikiliza kwa utulivu na akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Hapana, ndugu mwandishi. Zile sasa ni kumbukumbu yake. Hatuwezi kuruhusu mtu azichezee." Kufuli la kwanza lilikuwa la adhabu. Sasa limeongezwa la pili, la heshima, na kabati ni lilelile. Na kazi ya fundi imeshatangazwa: anatakiwa mtu mwenye afya njema, aliye tayari kusafiri kituo kwa kituo.

Bahati nzuri sista hakuomba ruhusa ya mtu. Kabla ya kurudi Ugalla aliniambia, kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama, kwamba ameshazinakili zile za begini, amempa mwalimu mmoja na zahanati ya jirani, nao watawapa wengine. Nikamwambia haibi kitu. Walioandika programu zile mwanzo kabisa, watu wasiojua hata Mpanda iko upande gani, walishasema chukua, badili, gawa. Na marehemu aliongeza ncha ya kuvuta.

Sijui wewe unayenisoma unafanya kazi gani. Labda unapikia shule, labda unaongoza idara, labda wewe ndiye mwenye ule ufunguo wa stoo. Siku moja mkalishe mwingine mahali pako, ukae pembeni, uikalie mikono yako na kufunga mdomo. Maswali atakayouliza ndiyo mafundo uliyomfungia mtu wa Tabora, na ni juu yako kuyalegeza ungali hai, maana sisi tutakaobaki tutakupigia hotuba tu. Na mkuu wetu, aliyemzika mwenzake vizuri na kumlilia kwa dhati, namwomba aichukue tena ile methali yake aitazame. Makala hii nimeituma asubuhi hii kutoka Kawajense, kwenye kiti kilekile, na kama imekufikia mkononi ujue imepita kwenye seva ya fundi bila kumwita mtu yeyote. Hayupo, na lake lipo.